Kusoma Chuo Kikuu Ukiwa Nyumbani

 

Hapa Jang'ombe nina jirani yangu, mwalimu wa skuli ya msingi. Jioni moja alinisimamisha njiani, bahasha mkononi, uso umemng'aa kama wa bi harusi. Mle ndani mlikuwa na barua ya kukubaliwa kusoma shahada kwa njia ya masafa. "Mjomba," akaniambia, "nimepata." Ana miaka arubaini na mbili, watoto wanne, na mama mtu mzima anayemuuguza. Nilimpongeza kwa dhati, nikaenda zangu.

Ilipita miezi minane ndipo nilipomuuliza masomo yanaendeleaje. Alitazama chini. Akasema vitabu viko juu ya kabati, amevifunga vizuri visipate vumbi.

Sikumcheka, kwa sababu miaka mingi iliyopita nami nilijiandikisha kozi ya posta, nikapeleka jibu la kwanza kwa mbwembwe, na jibu la pili halijaandikwa mpaka leo. Vitabu vyangu navyo vilikuwa juu ya kabati. Nilipokuja kusoma tena kwa njia hiyohiyo na nikamaliza, nilifahamu kuwa mara ya kwanza sikushindwa na ugumu wa somo. Nilishindwa na mambo madogo madogo ambayo hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Basi wiki hii tuzungumze hayo madogo madogo.

Lakini kwanza nimtoe hofu anayedhani kuwa elimu ya masafa ni elimu ya daraja la pili. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia mitihani yake watu wasiokaa katika madarasa yake tangu mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kile kiitwacho UNISA, kilianza kusomesha kwa posta mwaka 1946, na ndicho kilichompa Nelson Mandela shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Mzee yule aliianza sheria mwaka 1943 darasani Johannesburg, akafeli, akajaribu tena kwa posta katika chuo cha London akiwa gerezani, na kuna wakati wakuu wa gereza walimnyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza nacho kilipata hati yake mwaka 1969 na kikaanza kusomesha Januari 1971, kwa vitabu vya posta na vipindi vya BBC.

Na sisi hatuko nyuma kama tunavyojidhania. Miaka ya 1970 Tanzania Bara ilipotaka walimu wengi kwa mara moja kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu walifundishwa huko huko vijijini, kwa barua na kwa redio, huku wakisomesha. Baadaye kamati iliyoongozwa na Ndugu Nicholas Kuhanga, aliyepata kuwa Waziri wa Elimu na pia Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikabidhi ripoti yake mwaka 1990. Bunge likapitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 ya kuunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwaka 1994 wanafunzi wa mwanzo wakaanza.

Sisi wa visiwani tuna sababu yetu ya kuukumbuka mwaka huo. Wakati ule Zanzibar haikuwa na chuo kikuu chake hata kimoja. Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu na Chuo cha Elimu cha Chukwani vilikuja mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kabla ya hapo aliyetaka shahada alipanda boti, akaacha kazi na watoto. Wengi, hasa kina mama, hawakupanda. Chuo Huria kilipofungua vituo vyake huku, kimoja Unguja na kimoja Pemba, kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusoma shahada na usiku akalala kwake.

Hapo ndipo penye raha ya elimu hii, na penye mtego wake vilevile. Mwanafunzi wa bweni akiingia darasani hakuna anayemtuma sokoni. Wewe uliyeko nyumbani, nyumba nzima inakuona umekaa tu.

Tuanze na chuo chenyewe. Kabla ya kutoa senti, hakikisha kuwa chuo na ile kozi hasa unayoitaka vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Siku hizi simu zimejaa matangazo ya vyuo vya ng'ambo vinavyouza shahada ya miezi sita, picha ya jengo lenye nguzo nyeupe, na namba ya kulipia. Ukishakuwa na cheti cha nje itakubidi ukipeleke kwenye Tume hiyo kitathminiwe, na kisipokubaliwa, mwajiri hatakutazama. Na usiridhike na neno la mtu kijiweni kuhusu sifa za kuingilia. Chukua vyeti vyako, nenda kituoni, waonyeshe wahusika. Asiyekuwa na alama za kidato cha sita asikate tamaa barazani kabla ya kuuliza, maana zipo njia za kuingilia za watu wazima, ikiwemo kozi ya msingi ya kujiandaa.

Sasa ije hesabu, na hii ndiyo iliyomwangusha jirani yangu. Niliifanya naye kwa kalamu, nyuma ya bahasha ileile.

Katika utaratibu wa vyuo vya Tanzania kila somo lina uzito wake, unaohesabiwa kwa krediti, na krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi: kusoma, kuandika, kujaribu maswali na kufanya mtihani, vyote pamoja. Mwaka mzima wa shahada ni krediti 120. Kwa hivyo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki arubaini, unapata saa thelathini kila wiki.

Nilimuuliza mwalimu yule: "Saa thelathini unazo?" Akacheka, halafu akanyamaza. Anasomesha mkondo wa mchana. Watoto wakishatoka asubuhi na mama akishapewa chai, anazo saa mbili kabla ya kuteleka chakula. Siku tano, saa kumi. Jumamosi akibanana anapata tatu, Jumapili mbili. Jumla kumi na tano. Naye alikuwa amejiandikisha masomo yote ya mwaka, kama kijana wa bweni! Hakuwa mvivu. Alijitwisha gunia mbili kwa kichwa kimoja.

Basi sheria ya mwanzo: hesabu saa zako za kweli za wiki iliyopita, si za wiki unayoiota. Ukiona ni kumi na tano, chukua nusu ya mzigo. Shahada ya miaka mitatu itakuwa ya sita. Watu watauliza mbona humalizi, waache waulize. Faida nyingine ni kuwa chuo kama Chuo Huria kinatoza ada kwa somo, kwa hivyo mwenye masomo machache hulipa kidogo kidogo. Wale walio kwenye upatu, wapange zamu yao iangukie mwezi wa kulipa ada. Nimeona kina mama watatu wa mtaa mmoja waliosomeshana kwa njia hiyo bila ya kukopa kwa mtu. Ila uliza mapema ukomo wa miaka, kwa sababu kila chuo kina mwaka ambao ukiupita usajili wako unakufa.

Nyumbani nako. Nyumba zetu za Jang'ombe mnazijua. Ukumbi mmoja, televisheni moja, watu tisa. Timu ya mtaa ikicheza, na hapa timu ni jambo zito, hakuna atakayezungumza kwa sauti ya chini. Ukingojea kimya hutasoma. Weka saa, na saa hiyo itangaze. Zungumza na mume, au mke, au mama mkwe, uwaambie wazi: kuanzia saa mbili mpaka saa nne mimi sipo. Anayekutafuta aambiwe umetoka. Wanaume wasomao, hili kwenu ni jepesi, mnatoka tu mkakaa pahala. Kwa mwanamke si hivyo, na mume anayejigamba barazani kuwa mkewe yuko chuo kikuu, kisha saa hizo hizo akamwita amtafutie soksi, huyo hasaidii kitu. Siku za Ramadhani ratiba yote ipange upya. Wengine huona saa ya kabla ya daku ni nzuri kuliko zote.

Usisomee kitandani. Meza ndogo na kiti kigumu vinatosha, hata kama meza yenyewe ni ya cherehani. Na tafuta taa isiyotegemea umeme wa serikali. Tunakumbuka sote mwaka 2008, waya wa chini ya bahari ulipotutupa mkono kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi, kisha ukarudia tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waliokuwa na chemli na mafuta walisoma. Leo taa ya jua si ghali, na ile ya simu usiitegemee, kwani simu ndiyo hiyo hiyo yenye vitabu vyako. Nyumba ikikushinda kabisa, Maktaba Kuu ipo pale Maisara. Feni, meza, kimya, na hakuna atakayekutuma chumvi.

Nije kwenye kusoma kwenyewe. Wengi wetu tunasoma kitabu cha chuo kama tunavyosoma gazeti hili: tunaanza juu, tunashuka, tunafunga. Tunapiga mistari kwa kalamu ya rangi mpaka ukurasa mzima unakuwa wa manjano, tukadhani tumesoma. Fanya hivi badala yake. Anza na muhtasari wa somo, ule unaosema mwishoni utapaswa kuweza nini. Geuza kila kipengele kiwe swali. Soma sehemu moja ukilitafuta jibu. Halafu funga kitabu, chukua karatasi tupu, uandike ulichokipata kwa maneno yako. Hapo ndipo utakapojua kuwa ukurasa uliodhani umeuelewa hukuuelewa. Ni jambo la kuudhi sana. Lakini heri uudhike mezani kwako kuliko ndani ya chumba cha mtihani. Wiki ijayo jaribu tena ukurasa uleule bila ya kufungua.

Kisha kuna Kiingereza, na hapa nitasema kweli. Masomo mengi ya chuo yameandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza chetu ni cha kuulizia njia. Si aibu, tumekulia katika Kiswahili na tunafikiri kwa Kiswahili. Kosa ni kuikariri sentensi ya kitabu kwa kuogopa kuivunja. Lifahamu jambo kwa Kiswahili kwanza, ulibishanie na mwenzako kwa Kiswahili mpaka likae, kisha ndipo uliandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Weka daftari la istilahi, maneno matano kwa siku. Baada ya mwaka utakuwa na zaidi ya maneno elfu moja, na hayo yanatosha kukutoa sehemu moja hadi nyingine.

Kazi za kuandika huangusha wengi kwa sababu hawalisomi swali. Tuseme umeulizwa: "Jadili mchango wa karafuu katika uchumi wa Zanzibar katika karne ya 19." Mwanafunzi anaijua habari yote. Atakueleza Sayyid Said alivyohamia Unguja, mashamba yalivyopandwa, kimbunga cha mwaka 1872 kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja na Pemba ikashika nafasi ya mbele. Kurasa sita, hati nzuri, na alama hazimridhishi. Ameeleza, na yeye ameambiwa ajadili. Kujadili ni kupima: karafuu ziliitajirisha nchi, au ziliitajirisha familia chache? Nani aliyezichuma, kwa jasho la nani, kama si watumwa? Nchi iliyotegemea zao moja ilipata nini bei ilipoanguka? Kimbunga kile sasa kina kazi ya kufanya katika jibu, kwa maana kinaonyesha hatari ya kutegemea zao moja. Habari ni zilezile. Kabla ya kuandika, pigia mstari neno la amri lililo kwenye swali: eleza, jadili, linganisha, tathmini. Hilo ndilo bosi wako.

Na jibu liwe lako. Wapo mtaani wanaokuandikia kazi kwa malipo, na sasa imekuja akili mnemba kwenye simu, inaandika kurasa kumi mkono wako uko kwenye chai. Vyuo vina programu za kukamata maandishi ya kunakili, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa. Lakini hata usipokamatwa, mtihani wenyewe utakukuta na kalamu yako peke yako. Simu itumie kama mwalimu wa kumuuliza usichokielewa, kisha uhakikishe kitabuni, maana mashine hiyo husema uongo bila ya kupepesa macho.

Usisome peke yako. Upweke ndio ugonjwa mkubwa wa elimu ya masafa, na dawa yake tunayo mlangoni: baraza. Watatu wanatosha, wakizidi watano inakuwa hitma. Kutaneni mara moja kwa wiki, na kila mmoja aje na kipande kimoja awasomeshe wenzake bila ya kushika kitabu. Kundi la WhatsApp si badala yake. Ni zuri kwa kupashana kuwa tarehe ya mtihani imebadilika, lakini baada ya wiki mbili huwa ni picha za maua na dua za Ijumaa.

Na kituoni nendeni. Nimekutana na mwanafunzi wa mwaka wa tatu asiyejua mlango wa kituo chake uko wapi. Yale mafunzo ya ana kwa ana yakitangazwa, omba ruhusa kazini mapema, kwa barua, mara tu ratiba inapotoka. Mkurugenzi wa ofisi yako hawezi kukupa siku ambayo umemwomba asubuhi yake. Hapo kituoni utapata mitihani ya miaka iliyopita, utaona maswali yanavyoulizwa, na utajuana na watu ambao siku jina lako litakapokosekana kwenye orodha watakukumbuka. Maana majina hukosekana. Mimi niliwahi kuambiwa sijalipa, katika chuo ambacho sitakitaja, na kilichoniokoa ni stakabadhi niliyoiweka ndani ya msahafu wa marehemu baba. Kila stakabadhi, kila barua, kila matokeo: nakala moja ya karatasi nyumbani, na picha moja kwenye simu. Kila mwaka jisajili upya kwa kila somo, na uchapishe karatasi inayoonyesha kuwa umejisajili.

Mtihani unapokaribia, fanya mazoezi ya mkono. Msinicheke. Mwaka mzima unaandika kwa kidole gumba, halafu siku moja unaambiwa uandike saa tatu kwa kalamu. Mwezi mmoja kabla, kila Jumapili, chukua mtihani wa zamani, weka saa mezani, ujibu kama vile msimamizi amesimama nyuma yako. Siku yenyewe kitambulisho kiwe mfukoni tangu usiku. Na wewe wa Nungwi au Makunduchi, usitegemee daladala ya mwanzo, lala kwa ndugu zako mjini.

Kuhusu jirani yangu, nimalizie. Baada ya hesabu ile ya nyuma ya bahasha alikwenda kituoni, akapunguza masomo, akabaki na nusu. Vitabu viliteremka kabatini. Anasoma na wenzake wawili, mmoja muuguzi na mmoja karani wa bandarini, na baraza lao ni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwezi uliopita alinijia tena na wasiwasi: mama hali yake imezidi, siku nyingi zinakwisha hospitali ya Mnazi Mmoja, na mtihani uko mbele. Alitaka kunyamaza tu, asiende, aje mwakani.

Nilimwambia asinyamaze. Asiyetokea bila ya taarifa huhesabiwa kuwa ametoroka mtihani, na anayeandika barua huhesabiwa kuwa ameahirisha, na haya ni mambo mawili mbalimbali kwenye faili lako. Barua iandikwe kabla ya siku ya mtihani, ieleze sababu kwa ufupi, iambatane na karatasi ya daktari, ipelekwe kwa mkono kituoni, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Tuliiandika pamoja usiku ule barazani, ukurasa mmoja, na asubuhi akaipeleka.